Hiyo "miezi minne" ya Erin Jackson: uzi wa sisi watu wa magurudumu

#1 Fundi Beringi

Wasee, habari za jioni. Nimetoka mjini sasa hivi, mapaja yanawaka moto, na kuna neno limenikaa kooni tangu mchana. Acheni nilitoe.

Mnajua Jumapili ndiyo siku lami ya katikati ya Nairobi inapumua. Magari yamebaki nyumbani, maegesho yako wazi, nasi wa magurudumu tunajimwaga. Leo akaja kijana mgeni, skeiti mpya kabisa mguuni. (Naandika skeiti makusudi. Nikiandika sketi, kuna mtu atauliza tunavaa rinda za nini.) Akatuonyesha video ya Erin Jackson, yule Mmarekani mweusi bingwa wa mbio za barafu. Maandishi chini ya video: alijifunza miezi minne, akaingia Olimpiki. Kijana akakaza kamba, akasema, "Miezi minne tu? Basi na mimi naweza." Robo saa baadaye alikuwa ameketi kwenye ukingo wa njia ameshika kiwiko, jasho jembamba linamtoka.

Simcheki, sote tumepita hapo. Hasira yangu ni kwa hiyo miezi minne.

Jackson alizaliwa 1992 huko Ocala, Florida, mji wenye sifa ya mashamba ya farasi. Barafu ya kule ni ya kutia kwenye soda. Alianza magurudumu akiwa mtoto, akalelewa kimchezo na kocha Renee Hildebrand, akachezea timu ya taifa ya magurudumu ya Marekani, na katikati ya hayo yote akamaliza shahada ya uhandisi wa malighafi Chuo Kikuu cha Florida. Akacheza pia ule mchezo wa wanawake wa kusukumana mabega juu ya skeiti, ambao ukiutazama unaweza kudhani ni abiria wanagombania matatu ya mwisho. Mwaka 2017 ndipo akaenda Salt Lake City kushika barafu kwa dhati. Januari 2018, kwenye mchujo wa Milwaukee, akapata tiketi ya mita 500.

Kwa hiyo ndiyo, miezi minne, lakini miezi minne ya barafu. Mapaja, mgongo wa kuinama, jicho la kusoma kona, vyote alikuja navyo. Ukimchukua dereva wa matatu wa miaka kumi ukampa lori, akaliweza kwa wiki moja, utasema kajifunza kuendesha kwa wiki moja?

Na huko PyeongChang Februari 2018 alimaliza wa 24. Hilo halimo kwenye video. Dhahabu ilikuja 2022.

#2 Kaptula

Kijana wa kiwiko yuko hai lakini?

#3 Fundi Beringi

Yuko hai. Tulimfunga leso, akanunuliwa soda. Yenye barafu.

#4 Mama Neema

Kaka Fundi, binti yangu ana miaka tisa, anazunguka hapa mtaani kwa skeiti za mitumba nilizotoa soko la Toi. Swali la mjinga: kama alikuwa bingwa wa magurudumu, kwa nini akayaacha?

#5 Fundi Beringi

Si swali la mjinga hata kidogo, mama. Mbio za magurudumu hazimo kwenye Olimpiki. Ziliingizwa kwenye ile ya Vijana Buenos Aires 2018, wakubwa wakabaki mlangoni. Sasa mtu umefika kileleni kwa mchezo wako, na kilele chenyewe hakina medali ile ambayo hata nyanya yako kijijini anaijua. Unahama.

Hata si yeye aliyeifungua hiyo njia. Derek Parra alitoka kwenye magurudumu akachukua dhahabu ya mita 1500 Salt Lake City 2002. Chad Hedrick, mtu wa Texas, akafuata: dhahabu ya mita 5000 Turin 2006. Bart Swings wa Ubelgiji amekimbia huku na huku, naye akabeba dhahabu ya mbio za kundi, zile wote wanaanza pamoja, Beijing 2022. Na yule kocha wa Ocala, Hildebrand, wanafunzi wake watatu wa magurudumu walikuwa Beijing pamoja wakivaa rangi za Marekani: Jackson, Brittany Bowe na Joey Mantia. Mji mmoja wa farasi, usio na barafu! Mimi hapo ndipo huwa nasimama nikatikisa kichwa.

#6 Mlinda Goli

Naomba niseme kidogo kuhusu kuhama kutoka lami kwenda barafu, maana nimekula mwereka wa kutosha kupata haki ya kuongea.

Mimi nilianza na magurudumu, kisha rafiki akanipeleka ule uwanja wa barafu wa Panari, Mombasa Road, ambako vijana wa Ice Lions walikulia kihoki. Niliingia kwa madaha. Nikapiga hatua tatu safi, nikajiona mfalme. Kisha nikataka kusimama. Kwenye lami unaburuta mguu wa nyuma ukiwa umeulaza, magurudumu yanasuguana na njia, unapungua mwendo pole pole. Kwenye barafu nilipoburuta mguu hivyo, ukanikimbia. Ukaenda zake kabisa. Nilifika ukutani kwa tumbo. Kumbe pale unageuza nyayo zote mbili upande, unaikwangua barafu kama unayekwangua ukoko kwenye sufuria.

Na hizo zilikuwa skeiti za hoki, fupi. Za mbio ni ndefu kupita kiatu chenyewe, ubao wa chuma mwembamba wa milimita moja hivi. Mtu aliyezivaa kwa miezi minne akaenda Olimpiki akawa wa 24 namvulia kofia, na wale 23 waliomtangulia pia.

#7 Fundi Beringi

Asante sana, Mlinda Goli, na kuna kitu kimoja hapo nataka kukiongeza. Skeiti za mbio za barafu kisigino hakijashikamana na ule ubao. Kuna bawaba mbele, chini ya vidole. Ukisukuma, kisigino kinainuka na ubao unabaki umelala kwenye barafu kitambo kidogo zaidi, halafu springi inaurudisha: klap! Watafiti wa Chuo Kikuu cha Vrije, Amsterdam, ndio walioihangaikia, wakiongozwa na Gerrit Jan van Ingen Schenau. Miaka mingi wakubwa wa mchezo waliidharau. Ilipofika msimu wa 1996 na 1997 wasichana wa Uholanzi wakaanza kushinda nayo, na Nagano 1998 asiyekuwa nayo alikuwa ameachwa.

Kwa lugha ya nyumbani: ni pata pata. Kisigino juu, soli chini, na mlio ule ule.

Sisi tuliotembea na pata pata maisha yetu yote tuna faida gani basi? Hakuna. Nilitaka tu kusema.

#8 Mhandisi wa South B

Uzi mzuri. Nina hesabu. Muda wa Jackson Beijing ulikuwa sekunde 37.04 kwa mita 500. Hiyo ni wastani wa kilomita 48.6 kwa saa, kuanzia kusimama tuli, kwa misuli yake mwenyewe.

#9 Kaptula

48.6 kwa saa. Jogoo Road saa kumi na moja jioni hata ambulensi haifiki huko.

#10 Mhandisi wa South B

😂 Ngoja, bado. Rekodi za mchezo huu kwa miaka mingi zinatoka Salt Lake City na Calgary. Rekodi ya wanawake ya Lee Sang-hwa wa Korea Kusini, 36.36, iliwekwa Salt Lake City 2013 ikakaa zaidi ya miaka kumi. Sababu ni mwinuko. Salt Lake City uwanja uko kama mita 1,425 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na adui mkubwa wa mtelezaji ni hewa anayoipasua, wala si barafu. Ndiyo maana wanainama vile kama mtu anayetafuta shilingi chini ya kochi.

Nairobi tuko karibu mita 1,800.

Mnaelewa nasema nini? Tukijenga uwanja wa mita 400 hapa, tukaufunika paa, tutakuwa na barafu ya kasi kuliko ya Salt Lake City. Wakimbiaji wetu wanapanda Iten, mita 2,400, ili damu izoee hewa haba. Watelezaji wangekuja hapa kwa kuwa hiyo hewa haba haiwapigi kifuani.

#11 Fundi Beringi

Mhandisi, umenifanya nicheke na kuota kwa wakati mmoja. Bili ya stima atalipa nani?

#12 Mhandisi wa South B

Hilo si la idara yangu.

#13 Mzee wa Umoja

Vijana, nimesoma yote kwa utulivu. Mimi ni mtu wa riadha tangu zamani, hizi za barafu nazitazama tu. Lakini kuna jambo mnaliruka. Huyo bibi Jackson mwaka 2022 hakufuzu. Alikuwa wa tatu kwenye mchujo, nafasi zilikuwa mbili, akapewa ya mtu. Mchujo ni mchujo. Ukianza kugawa nafasi kama sahani za pilau, kesho mwenye mjomba ndiye atakayekwenda.

#14 Fundi Beringi

Shikamoo mzee. Nilijua hili litakuja, na ningesikitika lisingekuja. Niruhusu nilisimulie lote, maana linasimuliwa nusu nusu.

Novemba 2021, Tomaszów Mazowiecki, Poland: Jackson anashinda mita 500 za Kombe la Dunia, mwanamke mweusi wa kwanza kushinda mbio za Kombe la Dunia katika mchezo huu. Haikuwa bahati ya siku moja. Msimu huo alishinda mara nne katika mbio nane za masafa hayo, akaenda kwenye mchujo wa Marekani akiwa nambari moja duniani.

Januari 2022, Milwaukee. Mita 500 ni mzunguko mmoja na robo. Huna mahali pa kurekebisha kosa: ukijikwaa kwenye mita 5000 unajipanga upya, kwenye 500 umekwisha. Jackson akateleza katikati ya mbio. Hakuanguka, aliyumba tu, chupuchupu, akarudi kwenye mstari. Huko kuyumba kukamtupa nafasi ya tatu. Wa kwanza Brittany Bowe, wa pili Kimi Goetz. Nafasi mbili, mzee, kama ulivyosema.

Sasa Bowe ni nani? Mtoto wa Ocala vilevile. Amemzidi Jackson miaka kama minne. Wamepitia kwa kocha mmoja, kwenye sakafu ile ile ya magurudumu. Bowe alikuwa tayari ana tiketi ya mita 1000 na 1500, ambazo ndizo mbio zake hasa. Akaiachia ile ya 500, ikaenda kwa Jackson. Hakuna mjomba hapo, wala kamati iliyokaa usiku. Aliyeshinda ndiye aliyetoa, na alitoa cha kwake.

Na wewe mzee wa riadha nikukumbushe Eldoret 2016. Mchujo wa mita 800. Kipketer wa kwanza, Ferguson Rotich wa pili, David Rudisha wa tatu. Rudisha! Bingwa wa London, mwenye rekodi ya dunia ya 1:40.91. Akaenda Rio, akarudi na dhahabu kwa 1:42.15. Mchujo wa siku moja unaweza kudanganya.

#15 Mzee wa Umoja

Marahaba mwanangu. Lakini mfano wako unakupinga. Kenya ilikuwa na nafasi tatu. Rudisha wa tatu aliingia kwa mlango, hakupitia dirishani. Hakuna aliyemwachia kitu.

#16 Fundi Beringi

Hapo umenikamata mzee, nakubali. Mfano haukukaa vizuri.

#17 Mama Neema

Mimi siko upande wa sheria wala wa riadha. Naona tu msichana mkubwa wa mtaa mmoja akimwona mdogo wake ameteleza siku mbaya. Mzee, wewe ungekuwa Bowe, ungelala?

#18 Mzee wa Umoja

Mama, ningelala vizuri sana. Ndiyo maana mimi sikuwahi kuwa bingwa wa chochote.

#19 Kaptula

Mzee kaua uzi 😂😂

#20 Fundi Beringi

Mzee, kuna kipande cha mwisho ambacho huenda kitakutuliza. Baadaye nafasi zilipogawanywa upya, Marekani ikapata ya tatu. Kwa hiyo Bowe naye alikimbia mita 500 Beijing, akawa wa 16. Hakuna aliyebaki nyumbani.

Ila siku anaitoa hakuwa na hakika hiyo itarudi.

Sasa Februari 13, 2022. Wengi wameona sekunde za mwisho tu. Mbio hizi hukimbiwa wawili wawili, mmoja ndani, mmoja nje, na upande wa pili wa uwanja wanabadilishana njia ili umbali ulingane. Hushindani na uliye naye, unashindana na saa. Ndiyo maana Miho Takagi wa Japani, aliyekimbia mapema, alikaa pale juu na 37.12 yake, jozi baada ya jozi zikija na kushindwa. Nikiwaza hiyo hali tumbo linanikata. Umemaliza kazi yako, umevaa koti, unakaa kutazama watu wakijaribu kukuondoa kitini.

Jackson alipangwa karibu na mwisho. 37.04. Sekunde 0.08 mbele. Kwa mwendo ule ni kama mita moja, urefu wa meza ya muuza njugu. Angelina Golikova wa Urusi akawa wa tatu, 37.21. Mwanamke mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya mtu mmoja mmoja katika Olimpiki ya majira ya baridi, na Mmarekani wa kwanza kushinda mita 500 za wanawake tangu Bonnie Blair mwaka 1994. Siku chache baadaye Bowe akachukua shaba ya mita 1000. Mimi nilishangilia ile shaba kuliko dhahabu, sijui kwa nini.

#21 Mzee wa Umoja

Hiyo shaba ni haki. Hapo tumeelewana.

#22 Mlinda Goli

Tusimsahau Shani Davis. Kabla ya Jackson kulikuwa na mtoto wa Chicago aliyeanza na magurudumu karibu anaanza kutembea, akahamia barafu akiwa na miaka sita. Mita 1000, Turin 2006: dhahabu, mwanamume mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya mtu mmoja mmoja ya baridi. Vancouver 2010: dhahabu tena, mita zile zile, hakuna mwanamume aliyewahi kuitetea kabla yake. Na fedha ya mita 1500 mara zote mbili. Kisha mitelezo yake mwenyewe aliifanya ionekane rahisi mno. Tazameni video zake taratibu, mkono mmoja mgongoni, kama mzee anayekagua shamba lake.

Alikuwa mtu wa maneno machache na magomvi kadhaa. Turin alikataa kuingia mbio za timu ili ajiwekee nguvu za 1000, Hedrick akanuna mbele ya kamera zote. Davis akashinda 1000. Ukiniuliza mimi, alifanya hesabu sahihi.

#23 Kaptula

Na sisi tuna Philip Boit. Nagano 1998, mbio za ski kilomita 10, Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya baridi. Wa mwisho kabisa, dakika kama 20 nyuma ya Bjørn Dæhlie, na Dæhlie akamsubiri pale kwenye mstari amkumbatie. Baadaye Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Nani mwingine amebeba dhahabu ya namna hiyo akaileta nyumbani?

#24 Mhandisi wa South B

Na Sabrina Simader, PyeongChang 2018, Mkenya wa kwanza mwanamke. Ila hao wote ni wa theluji. Wa barafu ya kasi bado hatuna. Nawaambia, uwanja. Mita 1,800.

#25 Fundi Beringi

Mhandisi, stima.

#26 Mgeni254

Habari zenu. Nimesoma uzi wote. Mimi ndiye wa kiwiko.

#27 Kaptula

WEEEE

#28 Mgeni254

Kiwiko hakijavunjika, kimevimba tu. Fundi, sikujua alikuwa na miaka yote hiyo ya magurudumu. Video haikusema. Nimekaa nikahesabu: ana miaka 25 anaingia Olimpiki ya kwanza, 29 anapata dhahabu. Mimi nina 19. Nimekuwa na hizi skeiti siku kumi na moja.

Swali langu ni moja. Leo nilianguka kwenye kona. Nilikuwa nakosea wapi?

#29 Fundi Beringi

Ulikuwa umesimama wima kama mlingoti. Nilikuona, nikataka kukuita, ukawa umeshapaa. Kwenye kona unakunja magoti kwanza, makalio chini kama unakaa kwenye kigoda cha mama mboga, kisha unaegemea ndani. Mguu wa nje unavuka juu ya wa ndani. Ukiogopa kuegemea, kasi yako inakutoa nje, na huko nje kulikuwa na ukingo. Jackson na wewe mna kona ile ile. Tofauti ni kwamba yeye ameipita mara ambazo hakuna anayeweza kuhesabu.

Jambo la pili, mtu akuonyeshe kuanguka. Sio mzaha. Unaanguka kwa goti na kiganja chenye kinga, mwili mdogo, ukiteleza mbele. Ulianguka kama gunia la viazi limeachiwa kutoka kwenye lori.

Na hizo beringi zako za kiwandani zimejaa gundi ya mafuta. Nitakusafishia.

#30 Mama Neema

Fundi, na mimi nimlete Neema? Helmeti anayo ya baiskeli.

#31 Fundi Beringi

Mlete mama. Ya baiskeli itafaa kwa kuanzia, bora imkae sawasawa, isicheze cheze.

#32 Mgeni254

Jumapili ijayo saa ngapi?

#33 Fundi Beringi

Saa moja asubuhi, kabla watu wa ibada hawajaegesha magari. Njoo na maji, kinga za mikono, na suruali ambayo hutailia ikichanika.

#34 Mzee wa Umoja

Nitapita kutazama. Nitakaa kwenye ukingo, pale aliponiachia nafasi kijana wa kiwiko.